Mzee Ochoki Hajaondolewa Kwenye Mfumo

Siku hiyo majani yalikuwa na maji, na foleni ya kituo cha kununulia chai karibu na Nyaramba ilikuwa imefika hadi kwenye daraja la mbao. Phanice alipotua kikapu chake, baba mkwe wake, mzee Ochoki, aliyezikwa mwezi wa Aprili, alikuwa ameshatangulia. Alikuwa wa tatu kutoka mbele, amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo na gambuti za mwanawe. Viwiko vya suti vilikuwa vimeanza kuchanika, maana matawi ya chai ni magumu, na fundi anayeshona suti ya maiti hashoni akifikiria kazi.

"Bwairire, Tata," Phanice alimsalimu kwa Ekegusii, akimwita baba, akitazama pembeni kama heshima ya mkwe inavyotaka.

"Bwairire, mama. Mtoto ameshindaje?"

"Ameshinda akilia."

Mzee alitikisa kichwa, akasukuma gunia lake mbele hatua moja. Mtoto alikuwa mgongoni mwa Phanice, amefungwa kwa leso mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumbeba. Ya pili ilikazwa fundo kifuani ili asipae, kwa sababu kulikuwa na upepo na mtoto huyo hakuwa na uzito wowote.

"Phanice, huyu mzee wenu anatuaibisha," alisema Sheila, jirani yake, kutoka nyuma. "Amekufa na bado anatushinda kilo!"

"Yeye hapiki. Hafui. Hanyonyeshi."

"Hata alipokuwa mzima hakupika."

Wanawake walicheka. Mzee Ochoki naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa hakina sauti tena, mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

Kwenye mizani alikuwa Ronny, kijana wa Upeo Takwimu, kampuni iliyoweka mashine zake katika vituo vya milima hii yote. Kiwanda kilinunua majani. Upeo Takwimu ilichukua habari za majani: nani ameleta, kiasi gani, saa ngapi, na shamba lake limeelekea wapi. Ronny alitundika gunia la mzee, akasoma, akamwelekezea mashine aweke kidole. Mashine ilikikataa kidole, kwa kuwa kilikuwa baridi. Ronny akakishika kwa mikono miwili, akakipulizia pumzi kama mtu anayewasha kuni mbichi, na mara ya pili mashine ikakubali.

"Mzae, leo umeleta poa," alisema.

Phanice alisubiri zamu yake ifike ndipo aulize. "Ronny, huyu mtu mtamwondoa lini?"

"Anti, ile ripoti nilituma. Imerudi. Wanasema kwa sistimu mzee ako tu sawa."

"Amekufa."

"Najua amekufa, Anti. Si nilikuja matanga? Nilikula huko."

Mambo yalianza hivi. Mzee Ochoki alipokwisha kuzikwa mbele ya nyumba yake, kando ya migomba, simu yake ilibaki kwa Manasseh, mwanawe wa kwanza na mume wa Phanice. Haukupita muda ujumbe ukaingia. Ndugu mwanachama, hatujaona majani yako. Je, wewe bado ndiye mkulima wa shamba hili? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana.

Manasseh alikaa na simu ile mkononi mpaka chai yake ikapoa. Shamba lilikuwa halijagawanywa. Kwao, mpaka wazee wa ukoo wakae, wapite mipakani na kusema hapa ni pa huyu na pale ni pa yule, shamba ni la baba, awe juu ya udongo au chini yake. Mwana anayetangaza kwamba baba yake si mwenye shamba tena, na viti vya matanga bado havijarudishwa kanisani, huyo atasemwa mpaka wajukuu wake wasemwe. Manasseh alikuwa mtu wa adabu. Akabonyeza moja.

Jumatatu asubuhi mzee Ochoki alikuwa kwenye mistari ya chai, akichuma.

Hakuna aliyepiga kelele. Nyanchama, mke wake, alitoka jikoni na sufuria ya uji, akamtazama kutoka mbali, akarudi ndani akaongeza maji kwenye uji. Baadaye alimwambia Phanice kwamba kilichomuudhi ni gambuti tu, kwa sababu mzee alikuwa amezichukua bila kuuliza.

Taratibu zilipatikana. Mzee alitoka kaburini kwa upande wa migomba ili asikanyage maua, na giza likianza kuingia alirudi. Katika nyumba ya Manasseh hakuingia. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba kifo kinaondoa mwiko huo. Phanice alikuwa akimwekea chai kwenye kigoda uani na kuondoka, kisha mzee akaja akanywa. Jumamosi hakuchuma, kwa kuwa alikuwa Msabato. Mchungaji alipoulizwa, alisema Maandiko yako wazi kwamba wafu hawajui neno lolote. Kwa hiyo mzee huyo hajui, anachuma tu, na kuchuma si dhambi katika siku sita.

Wala hakuwa peke yake. Kule Marani kulikuwa na mabibi wawili, wake wenza wa mji mmoja, yaani boma moja, waliozikwa miaka tofauti na sasa wakigombania kikapu. Kule Ogembo kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyechuma akiwa na tai shingoni.

Watu wa milima hii wamezoea kuhesabiwa. Walihesabiwa vibanda, na kibanda kilichohesabiwa kikalipiwa kodi. Waliruhusiwa kupanda kahawa, na miti ikahesabiwa, ili asije mtu mweusi akawa na mingi. Walipanda pareto, ikapimwa, ikapandishwa lori, na mpaka leo kuna wazee ambao wakisikia lori kilimani hunyamaza kwanza wasikilize kama ndilo linalorudi na malipo. Kila aliyekuja na kalamu alikuja akitabasamu, na kila alipoondoka kulikuwa na kitu kimeondoka naye. Lakini wote hao walikuwa na utu mdogo mmoja: ukifa, walikufuta. Upeo Takwimu haikufuta. Upeo Takwimu ilikuwa imegundua kwamba mtu hahitajiki kuwa mzima ili awe na faida.

Mtoto wa Phanice alizaliwa Julai. Alikuwa mvulana, na sikio lake la kushoto lilikuwa na kile kipande kilichokunjika ambacho kila mtu alikijua kwenye sikio la mzee. Nyanchama alimpokea, akaligeuza sikio, akamrudisha kwa mama yake.

"Huyu ni Ochoki," alisema. "Na Ochoki yuko shambani anachuma chai. Sasa tufanyeje?"

Hilo ndilo lililowafunga. Katika ukoo ule mtoto hurithi jina la marehemu, na hasa babu. Jina hutoka kwa aliyepumzika, likaenda kwa anayeanza. Huwezi kumvua mtu jina wakati anasimama kwenye foleni nalo. Manasseh alijaribu majina ya Biblia. Alimwita Job, mtoto akalia usiku kucha. Alimwita jina la nabii mdogo, mtoto akatapika. Kwenye zahanati, muuguzi alimtundika kwenye mizani ya watoto, na mshale haukusogea. Aliigonga mizani, akampima mtoto wa mama mwingine, mizani ikasema sawasawa. Akamrudisha wa Phanice, mshale ukabaki kwenye sifuri.

"Jina lake?" muuguzi aliuliza.

"Bado."

"Basi ndiyo sababu," alisema muuguzi, ambaye alikuwa wa huko huko. Kwenye kadi akaandika: mtoto wa Phanice, uzito sifuri, arudi akipata jina.

Mwanzoni alipaa kidogo tu, kiasi cha kimo cha godoro. Walimfunga kwa kamba laini kwenye mguu wa kitanda. Kisha akaanza kufika kwenye boriti. Siku ya mvua ya mawe, ile iliyochana majani ya chai yote ya upande wa mashariki, upepo ulimpokonya mlangoni na kumpeleka juu ya migomba. Manasseh alimshusha kwa mti wenye ndoano anaoutumia kuangulia maparachichi. Mtoto alikuwa akicheka. Phanice hakucheka. Aliona kwamba safari ijayo hakutakuwa na mti mrefu wa kutosha.

Kesho yake alikwenda Kisii mjini.

Ofisi ya Upeo Takwimu ilikuwa orofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo. Kwenye viti vya kusubiri kulikuwa na watu kadhaa, baadhi yao wazima. Marehemu walijulikana kwa mavazi yao mazuri. Msichana wa mapokezi aliwaita wote kwa utaratibu wa kufika, bila upendeleo.

Aliyempokea Phanice aliitwa Lorna, mkuu wa ubora wa takwimu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Marani. Alimkaribisha kwa Ekegusii, akampa maji ya kunywa, akaomba ruhusa azime feni, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshaanza kuelea kuelekea huko. Phanice alimvuta kwa leso, akamketisha mapajani na kumshikilia.

"Mama, nikueleze ukweli, nisikuzungushe," alisema Lorna. "Baba mkwe wako hatuwezi kumtoa. Mkulima mpya akijiandikisha leo, hatuna cha kumwambia mtu juu yake. Lakini huyu ana historia ndefu. Hakuna swali tulilomwuliza asijibu, hata lile la mbuzi. Jumamosi haleti, siku nyingine analeta. Tukitaka kujua mlima wenu wote utatoa nini msimu ujao, tunaanza na yeye. Watu wa bima wanamtaka. Watu wa mbolea wanamtaka. Wawekezaji wakija kutoka Nairobi, yeye ndiye tunayewaonyesha."

"Wanajua amekufa?"

"Wanaona mstari kwenye ukuta. Mstari wake haujakatika."

"Na Aprili, tulipokuwa tunamzika?"

"Aprili ulishuka kidogo," alisema Lorna. "Tuliandika kwamba ni mvua."

Phanice alitazama ukutani. Mistari ilikuwa mingi, ya rangi nyingi, ikipanda kwenda kulia kama njia za ng'ombe. Chini ya dirisha paliwekwa mashine ndefu nyeusi, na kutoka ndani yake ilisikika, kwa mbali, sauti ya watu wengi wakichuma chai. Wafanyakazi walikuwa wameizoea.

"Hata mimi wa kwetu yumo," Lorna aliongeza kwa sauti ya chini. "Mama mkubwa. Alinilea. Nimejaribu njia zote ninazozijua, na ni mimi niliyezitengeneza. Ukiondoa mmoja, mwingine ataomba, na mwingine, halafu idadi ya wakulima tunaowafikia itashuka. Na idadi ndiyo inayouzwa."

"Sasa mimi sijaja kubishana juu ya idadi. Nataka jina. Mtoto hana jina, na jina lake mnalo nyinyi. Bakini na mzee, mpeni jina lingine lolote mnalotaka, mnirudishie Ochoki."

Lorna alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha akaigeuza skrini ili Phanice aione.

"Jina hatuna, mama."

"Hamna vipi?"

"Tulilitoa. Sheria ya faragha inasema habari zisiuzwe pamoja na majina. Tuliyafuta yote mwaka juzi. Hapa yeye ni nambari. Jina halituletei faida yoyote."

Phanice aliisoma nambari ile ndefu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayemtafuta ndugu kwenye umati. Hakumwona mzee mahali popote. Alishukuru kwa maji, akamfunga mtoto, akashuka ngazi.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama. Mzee Ochoki alikuwa kwenye kigoda uani, ameshika kikombe. Kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa zito na yeye ni mkwe, Phanice alimweleza kwanza Nyanchama jikoni, na Nyanchama akatoka nalo, akasimama mbele ya mumewe huku mikono ikiwa kiunoni.

"Baba Manasseh. Kule mjini hawana jina lako."

Mzee aliteremsha kikombe. "Wamelipeleka wapi?"

"Wamelifuta. Wana nambari tu."

"Nimewachumia tangu nizikwe, na hawana jina langu?"

"Hawana."

Mzee alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa mji ule kumwona amekasirika tangu afe, na migomba iliyokuwa karibu naye iliinama kidogo. "Hata mkoloni alikuwa nalo," alisema. "Aliliandika vibaya, akaweka herufi zake, lakini alikuwa nalo! Baba yangu alilisoma mwenyewe kwenye kipande cha kodi."

Alitembea mpaka kwenye ua, akarudi. Alikaa. Mtoto, aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo ya jikoni kwa leso, alikuwa akielea kwenye urefu wa macho ya watu, akiitazama mikono yake.

"Basi mpeni," mzee alisema. "Kama wao hawalitumii, nalishikia nini?"

"Na wewe tutakuita nani?" aliuliza Manasseh, ambaye alikuwa amefika na ng'ombe.

"Wewe unaniitaje?"

"Tata."

"Na mama yako?"

"Baba Manasseh," alijibu Nyanchama mwenyewe.

"Katika mji huu wote, nani amewahi kuniita Ochoki? Ni makarani. Jina nililibeba kwa ajili ya makarani na kwa ajili ya huyu hapa. Makarani wamelitupa. Mpeni mwenye sikio."

Jumapili asubuhi Nyanchama alimchukua mjukuu wake, akamgeuza kulielekea kaburi, ambalo wakati huo lilikuwa tupu kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesimama kando akishuhudia. Akalisogelea sikio lililokunjika na kulitamka jina. Mtoto alinyamaza. Kisha akashuka, polepole, kama kitu kinachozama kwenye asali, mpaka mikono ya bibi yake ikalemewa na ikabidi Phanice asaidie kumshika.

"Mzito huyu!" Nyanchama alisema. "Mzito kama baba yake."

Phanice alimbeba siku hiyo nzima bila kumweka chini. Jioni bega lilimuuma, akawa analipapasa kila mara ahakikishe kwamba bado linauma.

Mzee aliendelea kuchuma. Hilo halikubadilika, na yeyote atakayesema lilibadilika anadanganya. Ujumbe uliendelea kuingia na mashine iliendelea kutaka kidole. Ila Nyanchama alikuwa na egesangio, kile kikundi cha wanawake kinachofanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mmoja akiugua wenzake hufanya sehemu yake bila kuulizana. Aliwaita akawaambia kuna mwenzao amechoka. Wanawake walijadiliana. Wengine walisema egesangio lao halijawahi kumpokea mwanamume. Juu ya kwamba amekufa hakuna aliyekuwa na neno. Mwishowe Sheila alisema mwanamume asiyedai chakula wala kutoa amri ni sawa na mwanamke, na wakampokea.

Tangu hapo mistari ya mzee ilichumwa na mikono mingi, naye akalala. Alitoka tu saa ya mizani, akaweka kidole, akawasalimu, akarudi. Suti yake iliacha kuchanika. Upeo Takwimu iliona mstari ukipanda, ikafurahi sana, na kwenye mkutano wake wa mwaka ikaitangaza nambari ile kuwa mkulima wa mfano wa milima yote. Walichapisha karatasi kubwa ya rangi, wakaibandika kituoni. Ilikuwa na picha ya mtu mwingine, kijana mwenye meno mazuri ambaye hakuna aliyemjua.

Lakini kwenye mistari ya chai wanawake huongea. Huko nyuma kila mtu alijibu maswali ya Upeo peke yake, jikoni kwake, simu ikiwa sikioni. Sasa waliyaleta maswali shambani na kuyalinganisha huku wakichuma. Mmoja alisema alipoulizwa juu ya mbuzi, wiki ile ile alikuja muuza dawa za mbuzi akiwa anajua mbuzi gani anakohoa. Mwingine alisema aliulizwa kama bati lake linavuja, akajibu ndiyo, na watu wa bima wakamkataa hata kabla hajaenda kwao. Mwingine aliulizwa kama anawaza kuuza shamba. Alikuwa hajawaza, lakini madalali walifika, wakiwa na viatu vilivyong'aa. Wakayapanga hayo yote kichwani, wakayazungusha kutoka shamba hadi shamba, na kabla ya mvua za vuli egesangio lilikuwa likilisikia swali na kujua ni nani amesimama nyuma yake. Maswali mengine wakakubaliana yajibiwe hivi, na mengine yasijibiwe kabisa. Wanawake wa Marani walituma mjumbe kuuliza inafanywaje. Alikuwa mmoja wa wale mabibi wawili wa kikapu, na alisema yeye ana nafasi ya kutembea. Alikaa siku mbili akachuma nao, akarudi kwao akiwa ameelewa.

Lorna aliona, kutoka orofa ya tatu, kwamba kutoka Nyaramba majibu yameanza kupungua. Kwenye ripoti aliandika kwamba ni mvua.

Novemba, Ronny alikuja kituoni na mpango mpya. Kampuni ilitaka kuwaandikisha watoto, wakulima wa kesho, ili mtu akianza kufuatwa tangu mdogo, mstari wake uwe mrefu zaidi. Alikuwa amepewa fulana za kugawa. Alipima gunia la mzee, akakipulizia kidole, mashine ikakubali. Kisha Phanice akafika kwenye mizani, mtoto akiwa mgongoni kwa leso moja.

"Anti, huyu boi amenona," Ronny alisema. "Anaitwa nani?"

Phanice alitundika gunia lake. "Pima majani."

"Nitapima. Ni jina tu, sekunde moja. Baadaye wanalitoa, si ni sheria?"

"Kama wanalitoa, wanalitakia nini?"

Ronny, kijana mwenye roho nzuri, aliinamia mashine yake. "Anti, mashine haiendi mbele bila jina. Angalia. Imekwama hapo."

Alimwonyesha. Kulikuwa na kisanduku cheupe na kijistari kinachowaka na kuzimika. Phanice alikitazama, akamvuta mtoto mbele, akamkalisha kiunoni, akajiegemeza kwenye nguzo ya kituo kama mtu aliyefika mahali anapokwenda.

"Sheila," Ronny aliomba, "si unisaidie? Mtoto wa Phanice ni nani?"

"Ni mtoto wa Phanice."

"Mama Nyanchama?" aliomba tena, akimtazama bibi wa mtoto nyuma ya Sheila.

"Ni mjukuu wangu."

Alimgeukia mzee, ambaye alikuwa hajaondoka. "Mzae, wewe hujawahi kukataa swali."

"Huyo?" alisema mzee. "Huyo anaitwa mwana wa mwanangu."

Lori la kiwanda lilipiga honi kule barabarani. Ronny akangoja. Kijistari kikaendelea kuwaka na kuzimika kwenye kisanduku cheupe. Foleni nzima ikatua vikapu chini, kuanzia mizani hadi darajani. Walio wazima walikaa juu ya vikapu vyao na kuanza kusimuliana habari za siku, na waliokufa walibaki wamesimama, mikono nyuma, kwa kuwa hakuna mahali popote walipohitajika kuwahi.